Boriti ya Mita Tano

Maneno haya niliyasema Mkomani, Lamu, baada ya swala ya alasiri, mbele ya wanafunzi wa usanifu wa ndani na mafundi waliotukaribisha. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Nimeondoa mizaha miwili ambayo nje ya ile nyumba haichekeshi.

Asalaam alaykum. Wazee wangu, mafundi wangu, mama zangu mlioketi kule chumbani, msana wa yuu, shikamooni. Na nyinyi vijana mlioteremka boti ya Mokowe mmekumbatia laptopu kama watoto wachanga, zisirushiwe maji ya chumvi, karibuni Amu.

Mada niliyopewa ina jina refu: jinsi mbinu za kidijitali na mbinu za jadi zinavyoijenga kazi ya usanifu wa ndani na mafunzo yake. Nikiifuata hivyo hivyo mtasinzia, na upepo wa saa hizi peke yake unatosha kusinziza. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipotoka chuoni nilipata kazi ya kutengeneza upya ndani ya nyumba kongwe ya mawe, si mbali na hapa. Mwenye nyumba alitaka sebule pana ya kukalisha wageni ishirini. Nyumba zetu wenyeji mnazijua: ukitoka kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, wapanda kidogo unaingia msana wa tini, chumba kirefu chembamba cha mbele, wapanda tena msana wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani, kila chumba kiko nyuma ya mwenzake kama safu za swala. Mimi nikafungua kompyuta, nikauchagua ukuta ulio baina ya misana miwili, nikabonyeza kitufe cha kufuta. Ukuta ule una unene wa karibu nusu mita, na ulikuwapo kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Uliondoka kwa kufumba na kufumbua. Dari nayo haikulalamika: programu ilizivuta boriti zikafika upande wa pili, nyeusi, zimenyooka, nafasi baina yake sawasawa. Nikaweka makochi meupe, nikatia mti kwenye chungu. Nilivyoipenda ile picha niliiweka mbele ya simu yangu.

Nikaichapisha nikampelekea fundi. Aliishika mbali kidogo na uso, vile mtu anavyomtazama samaki sokoni kabla hajauliza bei. Akasema, "Pazuri, mwanangu. Sasa hii boriti ya mita tano utaikata msitu gani?"

Wageni wetu, boriti ni mkoko. Hukatwa kwenye mikandaa ya visiwa hivi na bara ya pili, na wakataji wana majina yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea. Mkoko una tabia zake. Ni mzito, mgumu, mchwa hawaupendi, lakini hautoi mti mrefu ulionyooka kila unapoutaka. Ukiupanga juu ya kuta mbili na kuubebesha dari ya mawe na chokaa, na chokaa yetu ni nzito kwelikweli, utakubebea nafasi ya mita mbili na nusu, ikizidi sana mita tatu. Ukitaka zaidi, unaanza kupinda. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Mgeni akiingia husema Waswahili walipenda vyumba vya namna hiyo. Huenda walivipenda, mtu hukipenda alichokizoea, lakini mchoraji wa kwanza wa nyumba hizi ni mkoko.

Tena haukuchora za kwetu tu. Majahazi yalibeba boriti za pwani hii miaka na miaka hadi Ghuba, na ukienda kwenye nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain ukatazama juu, utaziona. Vyumba vya kule navyo vina upana unaokaribiana na wa huku. Mtu wa jangwani, ambaye hajawahi kuona mto wenye mikoko, alilala kwenye chumba kilichopimwa na mti wa Lamu. Biashara ile ilikatika mwaka 1982, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Na mwisho wa mwaka huo huo, huko Marekani, ilitoka programu ya kuchorea kwa kompyuta, AutoCAD. Mambo haya mawili hayahusiani hata kidogo, naelewa. Lakini kila nikiukumbuka mwaka ule huona kama boriti iliteremka jahazini na mshale wa kompyuta ukapanda.

Historia ya mashine nitaipitia mbio. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, alionyesha jinsi mtu anavyoweza kuchora mstari juu ya skrini kwa kalamu ya mwanga. Ikaja AutoCAD niliyoitaja. Mwaka 2000 ikaja SketchUp, iliyomwezesha hata asiyejua kuchora avute kisanduku kikawa chumba. Leo kuna Blender ambayo ni ya bure, na mtoto wa mtaa wa Langoni mwenye kompyuta ya mkono wa pili anaweza kutoa picha ambayo zamani ilihitaji ofisi nzima. Sitazisema vibaya programu hizi, zimenilisha. Mteja wangu yuko Nairobi, mwingine yuko Ulaya; bila picha ya kompyuta ningewaonyesha nini, nyuzi na mwiko?

Ninachotaka kusema ni hiki. Fundi aliponiuliza swali lile, sikushindwa kwa sababu nilitumia kompyuta. Nilishindwa kwa sababu katika mafunzo yangu yote hakukuwa na kitu kilichowahi kunikatalia. Skrini hukubali. Ukisema boriti iwe mita tano, inakuwa. Ukisema mita kumi na mbili, inakuwa pia, na haikupi hata jicho baya. Mkoko hukataa, chokaa hukataa, jiwe la kisiwa cha Manda hukataa, na fundi aliyekua nao amejifunza adabu kwao. Mimi nilikuwa na shahada, na adabu ile sikuwa nayo.

Baba yangu alikuwa seremala. Mwaka wa kwanza wa mwanafunzi karakanani kwake ulikuwa wa kufagia maranda na kunoa patasi. Mtoto wa watu alikuja akitaka kuchonga mlango, akapewa jiwe la kunolea. Nilipokuwa mdogo niliona ni uonevu, na kwa baadhi yao nadhani ulikuwa uonevu kweli. Wako waliokimbilia bandarini wakabeba mizigo, na fani ikawapoteza. Sijaja kuwasifia wazee kwa kila kitu. Lakini yule aliyebaki, baada ya mwaka, alikuwa akisikia kwa kiganja kama ubao wa mbambakofi utapasuka kabla patasi haijapita. Hakuambiwa. Ubao ndio uliomkatalia mara mia.

Msidhani jambo hili ni la wazee wa Lamu peke yao. Mwaka 1919 kule Weimar, Ujerumani, ilipofunguliwa shule ya sanaa na ufundi ya Bauhaus, ambayo wanafunzi mnaitaja kila mtihani, kila karakana ilipangiwa walimu wawili: mmoja wa umbo, msanii, na mmoja wa kazi ya mikono, fundi hasa. Walijua mmoja peke yake atatoa mwanafunzi mwenye mguu mmoja. Mpango ule ulikuwa na ugomvi wake, kwa sababu msanii alikuwa na heshima kubwa kuliko fundi, na fundi alijua. Sisi nasi tuna ugomvi huo huo. Najua chuo ambacho hulipia leseni za programu kila mwaka bila kusita, lakini fundi akija kufundisha siku nzima hupewa nauli, soda na neno la shukrani. Chuo sikitaji. Waliomo wataona haya wenyewe.

Turudi kwenye kupima, maana hapo ndipo nilipobadilisha mawazo kuhusu nani wa kulaumiwa.

Miaka michache iliyopita nilileta kundi la wanafunzi katika nyumba kama hii. Nikawapa kazi moja: pimeni msana huu. Nusu walitumia utepe, uzi na timazi. Nusu walitumia simu. Tangu mwaka 2020 ziko simu zenye leza ndani yake, unazunguka chumbani kama mtu anayefukiza ubani, na chumba kinajichora. Wa utepe walichukua asubuhi nzima. Walipima pembe kwa uzi, tatu kwa nne kwa tano, wakagombana, wakarudia, wakagundua kwamba ukuta wa upande wa barabara unafuata mpindo wa ndia, na chumba upande mmoja ni kipana kuliko upande wa pili kwa zaidi ya shubiri. Wa simu walimaliza kwa dakika nne wakaenda kunywa maji ya ukwaju.

Sasa sikilizeni. Simu nayo iliona ile shubiri. Niliifungua data, imo, sahihi kabisa. Aliyeifuta ni kijana mwenyewe. Alipoiingiza kwenye programu ya kuchora aliona pembe ya nyuzi 87, akadhani ni kosa la simu, akainyoosha ikawa 90. Mashine ilisema kweli, binadamu akaisahihisha. Kabati ikaagizwa Mombasa kwa mchoro ule, ikaja kwa boti, ikapandishwa ngazi kwa jasho la watu wanne, ikasimama ukutani. Upande wa kushoto ilishika barabara. Upande wa kulia paka angepita bila kukunja mkia.

Wale wa utepe wasingelifanya kosa lile hata kidogo. Mtu aliyeinama nusu siku na uzi mkononi hawezi kuamini kwamba ukuta ule umenyooka. Magoti yake yanamkumbusha. Kwa hiyo sasa mimi hawa wa utepe ndio ninaowapa simu. Wa simu nawapa utepe kwanza. Jibu watalipata lile lile, lakini nataka waliamini wakilipata.

Nije kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa sababu najua wengi mmekuja kwa ajili yake. Geukeni, mtazame kule ndani. Mnaona safu za zidaka, za juu ndogo, za chini zimepanuka, na nakshi ya chokaa kuzunguka kila kimoja. Wageni huzipiga picha kama rafu za kuwekea vitu. Ni kweli ziliwekwa vitu: sahani za Kichina, vitabu, vyombo vya heshima. Lakini kaeni pale chini kwenye mkeka kama mwenye nyumba alivyokaa. Mwanga unatoka kiwanda, unavuka misana miwili, unafika ndani umechoka. Ukuta mtupu ungekuwa kiza tupu. Ule wenye zidaka unaudaka ule mwanga kwenye kingo, kila kingo mstari mwembamba mweupe, na chini ya kila mstari kivuli. Chumba kinaonekana kuwa na kina zaidi kuliko kilivyo. Programu nzuri za leo zinaweza kuhesabu mwanga huu, kwa saa na kwa mwezi, na matokeo yake ni mazuri. Fanyeni. Lakini jambo la kukaa mkekani halikuwamo kwenye programu. Kamera ya programu ikiachwa ilivyo husimama urefu wa mtu aliyesimama. Wanafunzi wangu walichora zidaka kwa jicho la mtu anayepita, wakashangaa kwa nini safu ya chini haina maana.

Na kuna hili la akili mnemba. Mwaka 2022 zilipotoka programu za kutengeneza picha kwa maneno, nami nilijaribu kama kila mtu. Niliandika: chumba cha kukaa cha Kiswahili, Lamu, nyumba kongwe. Nikaletewa matao ya kwato za farasi, taa za shaba zenye vitobo, mazulia mekundu, na dirishani jahazi lenye tanga la rangi ya chungwa. Yaani nimepelekwa Marrakech, nikawekewa bahari. Mafundi mlicheka nilipowaonyesha, na mmoja wenu aliuliza huyo mwenye nyumba ameozesha binti Moroko. Lakini haichekeshi mteja akija na picha ile mkononi akasema nataka hii, nataka ya Kilamu. Mashine imejifunza kwa picha zilizoko mtandaoni. Za Moroko ni nyingi na zina majina. Zetu ni chache, na zilizoko zimeandikwa "mapambo ya Kiafrika" au "hoteli ya ufukweni". Kidaka hakijaitwa kidaka. Tekani, shubaka lile pana la ukutani, haijaitwa tekani. Mji huu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na bado ukitafuta picha yenye neno "msana" chini yake utatafuta sana.

Hapo ndipo mashine inapotuhitaji, na sisi tunaihitaji. Watu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameyapima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara; leo hata jiwe likianguka baharini umbo lake liko. Sisi tuna nyumba zilizo hai, na kila msimu wa mvua ukuta mmoja unalegea mahali fulani. Kijana mwenye simu na fundi mwenye majina wakikaa pamoja alasiri tatu, watapata nyumba nzima: umbo kutoka kwa simu, jina na sababu kutoka kwa fundi. Mmoja akikosekana, tunapata kisanduku kisicho na jina, au hadithi isiyo na kipimo.

Kosa jingine, na hili nalo lilipita mkononi mwangu. Mwanafunzi mmoja hodari alipewa bafu la nyumba ya kijiji cha Shela. Mteja alitaka dirisha la bahari. Kijana alikichagua chumba kizima, vyombo na vyote, akakizungusha nyuzi 90. Dirisha likapata bahari. Michoro ikaja kwangu, mimi mtoto wa Langoni niliyesoma chuo cha Kurani umbali wa hatua mia kutoka hapa, nikaitia sahihi. Aliyesimamisha kazi ni fundi wa mabomba. Alisimama mlangoni, hakuingia, akauliza kwa upole, "Mwalimu, mtu ataketi hapa akielekea kibla?"

Kutoka Lamu, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Nyumba kongwe zinajua. Choo hakielekei kule wala hakipi mgongo kule. Fundi hakuhitaji dira, alijua kwa upepo unaomjia usoni wakati wa kaskazi. Programu ina mshale wa kaskazini, mzuri, unaukuta pembeni ya karatasi. Ila ukizungusha chumba mshale haupigi kelele. Tulirudisha kila kitu, dirisha tukalipandisha juu, na mteja, ambaye hakuwa Mwislamu, alisema afadhali tulivyofanya, maana sasa majirani hawamwoni.

Chokaa. Jamani, chokaa ningeweza kuizungumzia hadi isha.

Mnajua inavyotengenezwa, lakini vijana hawa hawajui. Magogo hupangwa kwa duara, matumbawe juu yake, moto unakula usiku kucha. Hilo ndilo tanuu. Yale mawe yakishaiva humwagiwa maji, yanachemka yenyewe, yanatoka unga mweupe. Kisha inalazwa. Fundi wa zamani hakuwa na haraka nayo, na ndiyo sababu ile plasta mnayoigusa hapo ni laini kama ganda la yai. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka chini, na unyevu wa kisiwani una chumvi. Chokaa huuacha utoke. Ukuta unapumua, kama wazee wanavyosema, na wanasayansi wa majengo wanasema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi.

Mimi, katika kazi nyingine ya mwanzo, nilitaka ukuta mlaini wa rangi moja kama ulivyokuwa kwenye picha yangu ya kompyuta. Chokaa ina mawingu mawingu, haikulingana na picha. Nikaamuru sementi, na juu yake rangi ya kung'aa. Fundi aliniambia mara moja tu, na hakurudia. Mafundi wa huku hawabishani na mtu mwenye karatasi. Kazi ilikamilika, tukapiga picha halisi ikafanana na ile ya kompyuta hata mimi mwenyewe sikuzitofautisha. Ikaja kusi na mvua zake. Niliporudi, ukuta ulikuwa umetoka malengelenge kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Nilibonyeza moja kwa kidole, likapasuka, ukamwagika unga wa chumvi viatuni mwangu. Unyevu ulikuwa umekosa pa kutokea, chumvi ikakaa nyuma ya sementi ikasukuma. Tulibandua yote kwa gharama yangu. Nilipouliza kwa nini hakunisisitizia, fundi alisema, "Ulikuwa umeshaiona nyumba imekwisha."

Neno hilo nimelibeba miaka. Picha ya kompyuta huja mapema mno. Zamani mwenye nyumba na fundi walikuwa wakiijua nyumba kadiri inavyopanda, wakibadilisha njiani. Sasa tunaiona imekwisha siku ya kwanza, na kinachobaki ni kuulazimisha ukuta ufanane na picha. Kwa hiyo mimi siku hizi simpi mteja picha inayong'aa mwanzoni. Nampa mchoro wa penseli, au modeli ya boksi, na ubao wenye vipande halisi: chokaa, mbambakofi, kipande cha mkeka wa ukindu. Nauweka juani, kisha kivulini. Picha ya kompyuta inakuja baadaye, baada ya kugusa. Wenzangu wa Nairobi wananiambia napoteza wateja. Wawili wameondoka, ni kweli.

Kuhusu mashine za kuchonga milango kwa kompyuta, ambazo wazee mlitaka niseme neno, nitakuwa mfupi. Ncha yake ya kawaida inazunguka, kwa hiyo haiachi pembe kali ndani ya ua la nakshi. Kila pembe inabaki na mviringo. Fundi hutia ukucha pale, akajua. Mimi sina kinyongo nayo kwa hoteli inayotaka milango arobaini: itoe mbao nyingi, mkono umalizie pembe na mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango. Kinachonikera ni kuuza mlango ule kwa bei ya patasi. Huo ni udanganyifu, na udanganyifu ulikuwako hata kabla ya umeme.

Basi vijana, wiki sita zenu hapa zitakuwa hivi. Laptopu zitakaa kwenye kabati, na ufunguo ninao. Mtapima nyumba moja kwa uzi, mtaichora kwa mkono kwa kipimo cha 1:50, na mtauliza jina la kila kitu mnachochora. Mtakwenda Manda mkaone jiwe linavyokatwa. Kila mmoja atachonga kidaka kimoja cha chokaa, na najua vingi vitakuwa vibaya. Changu cha kwanza kilifanana na jino lililooza. Baada ya hapo kabati litafunguliwa, na hapo mafundi ndio watakuwa wanafunzi. Wanne kati yao wameniomba wafundishwe kuhesabu boriti na mbao kwa kompyuta kabla ya kununua, kwa sababu mkoko umekuwa adimu na ghali tangu amri ya mwaka 2018 ya kusimamisha ukataji, na hata baada ya kulegezwa kibali hakipatikani bila safari. Mmoja anataka kuchora nakshi za marehemu baba yake kabla milango ile haijaliwa na jua. Mtamfundisha taratibu, na mtamwita fundi, hata akisahau pa kubonyeza mara kumi.

Ile sebule ya mita tano? Ukuta uliachwa. Fundi alifungua matao mawili ndani yake, mahali ambapo alijua panabeba, na wageni ishirini wanakaa kumi huku na kumi kule, wanasikilizana. Sikuwa nimelifikiria.

Nimeshasema ya kutosha, na huko chini kiwandani naona fundi ameanza kutia maji kwenye karai. Ikishakandwa haitungoji. Teremkeni mmoja mmoja, ngazi ni nyembamba, na vua saa yako wewe wa mbele, chokaa itaila.